Mfupa Usiounga na Yabisi ya Kifundo cha Mkono

Mkazi wa Hamugembe, Bukoba, anayeteleza shambani au kuanguka na bodaboda hujikinga kwa kiganja, na uzito wa mwili huangukia kifundo cha mkono, ambacho kimeundwa kwa mifupa midogo 8. Kati ya hiyo, unaovunjika zaidi ni skafoidi, mfupa ulio upande wa kidole gumba, ambao hupata sehemu kubwa ya damu yake kutoka upande wa vidole, hivyo ukivunjika, kipande kilicho karibu na kigasha huweza kukosa damu na kushindwa kuunga.

Picha ya eksirei ya siku za mwanzo huweza isionyeshe ufa, na mgonjwa, akidhani ameteguka tu, hukandwa na kurudi kazini. Mfupa usipounga, baada ya miaka gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, husagika na kuleta yabisi, ambayo ni ugumu, uvimbe na maumivu ya kiungo.

Mfupa ukiwahiwa, hogo, yaani plasta ngumu, huweza kutosha. Ukichelewa, daktari hupandikiza kipande cha mfupa, mara nyingi kutoka nyonga, na kukikaza kwa skrubu. Yabisi iliyokomaa hutulizwa kwa dawa, sindano au kifaa cha kushikilia kifundo, na ikishindikana, mifupa huunganishwa kwa upasuaji, jambo linalopunguza maumivu lakini pia mwendo wa kiungo.

Kwa hiyo, kila anayeumwa chini ya gumba baada ya kuanguka aende hospitali mapema, na maumivu yakiendelea, apigwe picha tena baada ya wiki 2.