Ubao wa Maswali Uwashao Taa

Wasikilizaji, twaeni ubao mwembamba wa mraba, futi 1 kila upande. Kushoto pigilieni misumari 6, na kulia 6 mingine, ncha zitokeze nyuma. Kando ya misumari ya kushoto bandikeni maswali. Kulia bandikeni majibu, lakini yasifuate taratibu ya maswali.

Geuzeni ubao. Kila swali liunganisheni na jibu lake kwa waya wa shaba, mkikwangua kwanza ncha zake hata shaba ing'ae, maana mpira na rangi havipitishi umeme.

Kisha pangeni betri 2 za kurunzi, kichwa cha moja kiguse kitako cha pili. Kila moja ina volti 1.5. Waya mmoja utoke kichwani, upite katika taa ya kurunzi. Wa pili utoke kitakoni. Ncha zote mbili ziachwe huru. Mchezaji ataguse swali kwa ncha moja, na jibu kwa nyingine. Akijibu sawasawa taa huwaka, kwa kuwa umeme hauendi ila upate njia ya kurudi ulikotoka. Akikosa, njia imekatika, na mti haupitishi.

Umeme wa nyumbani msiutumie kamwe, huo huua.

Watoto nao ni werevu: hawakawii kukariri mahali pa msumari badala ya jibu. Kila juma hamisheni majibu pamoja na nyaya zake.