Rekodi za Mwanga: Mawe ya Umba na Mirija ya Kaboni

Misitu ya Shagayu, jirani na Mlalo, ndiyo chimbuko la Mto Umba. Maji yake huteremka hadi bonde kavu lenye vito, kisha huvuka mpaka na kuingia baharini Vanga, Kenya. Bonde hilo limeipa sayansi ya vito jina la "athari ya Usambara". Mwaka 1997 Asbjørn Halvorsen na mwenzake walieleza turmalini ya Umba, iliyo kijani ikiwa nyembamba. Ukibebanisha mawe mawili, mwanga unaoyapenya yote hutoka mwekundu. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo milima yetu ya Usambara imepewa katika elimu ya mwanga, na ningependa kila mwanafunzi wa Lushoto aifahamu.

Turmalini hubadili rangi kwa kumeza sehemu ya mwanga. Ipo njia adimu zaidi: mwanga hugonga maada, huitikisa, kisha hutoka na rangi iliyosogea kidogo. C. V. Raman na K. S. Krishnan waliithibitisha Calcutta Februari 28, 1928, na mwaka 1930 Raman akawa Mwasia wa kwanza kutunukiwa Nobeli ya sayansi. Mwanga huo ni hafifu mno, takriban fotoni moja katika kila milioni kumi.

Maabara za vito huutegemea. Tanzanaiti ya Mererani huweza kuwa na chembe za grafiti ndani, na leza huzitambua bila kulikwaruza jiwe: rangi husogea kwa mawimbi 1,580 hivi katika kila sentimita. Alama hiyo huitwa G, yaani grafiti. Mirija nano ya kaboni nayo huionyesha, karibu na 1,590, kwa sababu kila ukuta wa mrija ni tabaka moja la grafiti lililoviringishwa kama mkeka.

Mrija pia hupanuka na kusinyaa, na mwendo huo hutoboa siri ya unene wake. Gawanya 248 kwa kipenyo kilichopimwa kwa nanomita: mrija wa nanomita 1.24 husoma 200. Kanuni hiyo ilitoka mwaka 2001, pale Ado Jorio, Mildred Dresselhaus na wenzao waliposoma mrija mmoja mmoja ukiwa peke yake. Kwangu hiyo ndiyo rekodi kuu ya fani nzima. Siri ni kuchagua leza ambayo nishati yake inaoana na ya elektroni za mrija. Hapo ile ishara dhaifu hukua mara nyingi hadi isomeke.

Kwa urefu, Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, kilikuza mrija wa sentimita 55 mwaka 2013.

Mnyororo mrefu kuliko yote wa atomi za kaboni zilizopangwa mstari mmoja ulitangazwa Vienna mwaka 2016: zaidi ya atomi 6,000, zikikingwa ndani ya mirija yenye kuta mbili. Nje ungeharibika upesi. Leza iliupata humo humo, kwa alama iliyo karibu na 1,850, mahali ambapo si grafiti wala mrija unaotoa alama yenye nguvu.