Takataka Hurudi Nyumbani

Watu wengi hudhani kuwa takataka ikisha kutupwa imekwisha. Sivyo. Mto Themi hutoka Mlima Meru na kupita Arusha mjini. Mvua inyeshapo, uchafu wa mitaroni huingia humo. Wakulima walio chini humwagilia mboga kwa maji hayo hayo, nasi twazinunua sokoni.

Mifuko ya plastiki ilikatazwa tangu tarehe 1 Juni, 2019. Hata hivyo nilizidi kupokea vifuko vya nyanya, mpaka mama aliponipa kikapu cha ukindu. Safari fupi sasa natembea. Ndefu napanda daladala, kwani gari moja huchoma mafuta machache kuliko bodaboda za abiria wake wote.

Basi, wenzangu, tuanze na kikapu. Haba na haba hujaza kibaba.