Uchachu si Ubovu
Mtindi wa pakiti hadi ufike dukani Nakapanya, mkoani Ruvuma, umeshakula barabara na joto, kwa hiyo ulimi pekee hautoshi kuuhukumu. Uchachu si kasoro: bakteria hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, nayo ndiyo inayogandisha. Wapo wanaodai maji yakijitenga, umeharibika. Mara nyingi ni mtikisiko tu; koroga, unywe. La kuogopa ni pakiti iliyovimba kama puto, harufu ya hamira, uchungu unaong'ang'ania kooni. Kefiri, ndugu yake wa Kaukasi, hutoa povu kidogo kwa kuwa ina hamira yake. Mtindi wetu haupaswi. Nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe visomwe, naam, lakini friji inayozimwa usiku haiandikwi kwenye pakiti.