Zahanati ya kuletwa kwa lori: Nyumba njema si mlango

Hebu fikiria, msomaji mpendwa. Asubuhi moja lori linafika kijijini kwenu, huko Mbeere katika Kaunti ya Embu au kule Tigania, Meru. Limebeba vyumba vilivyoundwa kiwandani. Vinashushwa kwa kreni, vinaunganishwa, na baada ya siku chache mna zahanati. Je, utapiga vigelegele?

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1855, wakati wa vita vya Crimea, mhandisi Mwingereza Isambard Kingdom Brunel alibuni hospitali ya mbao iliyosafirishwa kwa meli vipande vipande hadi Renkioi, Uturuki. Mwaka wa 2020, corona ilipopamba moto, Wachina walijenga hospitali ya vitanda 1,000 mjini Wuhan kwa siku 10 hivi.

Lakini nasi Wakenya tuna kisa chetu. Wizara ya Afya iliagiza kliniki 100 za kontena kwa shilingi bilioni moja, yaani milioni 10 kila moja. Kufikia 2016 sakata ilikuwa imelipuka, na nyingi zilikaa Miritini, Mombasa, kwa miaka bila kumhudumia mgonjwa. Kuta na paa zilikuwapo, huduma haikuwapo.

Basi mama na baba wa Embu na Meru, mkiahidiwa zahanati ya aina hii, chunguzeni mambo haya. Kwanza, barabara: lori zito na kreni zitapitaje kwenye udongo mwekundu wakati wa masika? Pili, hali ya hewa: bati lisilowekewa kizuia joto huwa tanuri katika jua la Mbeere, na usiku wa Timau huwa barafu. Tatu, nafasi: kontena la kawaida lina upana wa mita 2.4 tu. Ukilaza kitanda cha kujifungulia kwa upana, mkunga hapati pa kupita. Nne, na ndilo kubwa: maji, umeme, dawa na muuguzi wa usiku vitatoka wapi?

Tangu 2013 zahanati zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo mkiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, nendeni, mkaulize mshahara wa muuguzi umetengwa katika fungu gani. Mama mwenye uchungu wa uzazi saa nane za usiku hatajali kama ukuta ni wa mawe au wa bati. Atataka kumkuta mtu ndani, na taa inawaka.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.