Kunyonyesha ni Ngao Yenye Masharti

Juma lililopita, nikingoja matatu ya kwenda Kisumu, niliketi katika soko la Awasi kando ya mwanamke kijana aliyekuwa akiuza nyanya. Alikuwa amempakata mtoto wa miezi minane, na uso wake ulijaa simanzi.

"Mama," aliniambia kwa sauti ya chini, "leo kliniki wameniambia nina mimba. Yawezekanaje, ilhali tangu nijifungue sijaona hedhi hata siku moja?"

Mama mkwe wake alikuwa amemhakikishia kwamba mwanamke anyonyeshaye hashiki mimba. Je, bibi huyo alisema uongo? La, hasha. Alisema kweli, ila kweli ya zama zake.

Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu hupeleka habari kutoka titini hadi kwenye ubongo wa mama. Ubongo nao hupunguza vichocheo vinavyolipevusha yai. Yai lisipopevuka, hedhi haiji wala mimba haitungwi. Lakini ubongo hutii tu pale mtoto anaponyonya mara kwa mara, usiku kama mchana. Manyonyo yakipungua, ulinzi nao hulegea.

Mwaka wa 1988, wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, waliafikiana kuhusu nguvu ya ulinzi huo. Masharti ni matatu: mama awe hajaona hedhi tangu ajifungue, mtoto awe ananyonya tu, bila uji wala maziwa mengine, na awe hajatimiza miezi sita. Yakitimizwa yote, wanawake wasiozidi wawili katika kila mia ndio hushika mimba. Likivunjika moja tu, ngao imetoboka.

Nilimwuliza dada yule alianza lini kumpa mtoto uji. "Mwezi wa tatu," alijibu. Alikuwa akitoka alfajiri kwenda sokoni na kumwacha mtoto nyumbani na binamu yake hadi jioni. Bibi zetu walikwenda shambani na watoto mgongoni, wakawanyonyesha kila walipolia, na usiku wakalala nao. Desturi imebadilika, lakini wasia umebaki ule ule.

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Katika jambo hili, mvua yaweza kunyesha kabla ya wingu kuonekana. Yai hupevuka yapata majuma mawili kabla ya damu kutoka. Kwa hiyo yai la kwanza baada ya uzazi laweza kukutana na mbegu ya mume kabla mama hajaona hedhi yoyote. Angojaye damu ndipo atafute njia ya kupanga uzazi huenda amekwisha kuchelewa.

Shirika la Afya Duniani hushauri mama apumzike walau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Pumziko hilo halipatikani kwa kubahatisha. Mtoto akianza uji, au akitimiza miezi sita, mama na aende kliniki na mumewe. Zipo njia zisizodhuru maziwa, kama vile koili, vipandikizi na kondomu.

Lakini tusiwatwishe akina mama peke yao mzigo huu. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya 2017 huwataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Muuza nyanya wa Awasi na mpanda mpunga wa Ahero hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Je, ni vigumu mno kujenga katika kila soko chumba kimoja chenye kivuli, maji na kiti?

Matatu ilipofika, dada yule alikuwa akimnyonyesha mwanawe. Nilimsihi asimwachishe kwa hofu, kwani aghalabu mama mwenye mimba anaweza kuendelea kunyonyesha iwapo afya yake ni njema. Nikamwomba arudi kliniki, safari hii akiwa na mumewe na mama mkwe wake pia.