Washoshone na Ardhi Ambayo Hawakuiuza

Sisi tunaosoma falsafa hukutana na hoja ya John Locke, ya mwishoni mwa karne ya 17, kwamba mtu hupata kumiliki ardhi kwa kuitolea jasho lake. Anayelima shamba ndiye mwenye shamba. Locke alichukua mifano kutoka Amerika, akaiona kama pori ambalo bado halijafanyiwa kazi. Kabla hatujaikubali hoja hiyo, ni vema tuwafahamu Washoshone, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani.

Nchi yao ilienea katika maeneo ambayo leo ni majimbo ya Nevada, Utah, Idaho na Wyoming, pamoja na kipande cha California. Wenyewe hujiita Newe, maana yake "watu", jambo ambalo halitushangazi sisi tunaoitwa Wabantu. Lugha yao ina undugu na ile ya Waazteki wa Mexico. Wenzao waliopata farasi na kuhamia kusini, yapata mwaka 1700, ndio waliokuja kujulikana kama Wakomanchi.

Makundi yao mengi yaliitwa kwa chakula. Wapo waliojulikana kama wala salmoni, wengine wala kondoo wa milimani, wengine wala nyati. Upande wa magharibi, Nevada, ambako mvua ni chache mno, chakula kikuu cha majira ya baridi kilikuwa mbegu za misonobari midogo ya milimani. Hapa ndipo hoja ya Locke inapoanza kuyumba. Msonobari huo hauzai vizuri kila mwaka, na mlima uliozaa sana mwaka huu unaweza kukaa miaka kadhaa bila mavuno ya maana. Kwa hiyo familia zilipaswa kuijua nchi yao bonde kwa bonde na kupeana habari mapema: wapi mbegu zitakomaa, wapi kuna maji, wapi sungura wamekuwa wengi kiasi cha kutega nyavu ndefu na kuwaswaga kwa pamoja. Wakati wa mavuno walikusanyika, wakasali, wakacheza ngoma ya duara, kisha wakachoma mbegu, wakazisaga na kuweka akiba. Wazungu waliopita huko waliwaona wakifukua mizizi ya kula, wakawabandika jina la dharau, "wachimbaji". Elimu yote ile haikuonekana kuwa kazi, kwa sababu tu haikuwa na jembe.

Mkristo wa kawaida huenda amewahi kulisikia jina moja tu la Kishoshone: Sacagawea. Huyu alitekwa akiwa msichana mdogo, na baadaye akafuatana na msafara wa Lewis na Clark kama mkalimani, akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Mwaka 1805 msafara ulipokutana na Washoshone, chifu wao, Cameahwait, alitambulikana kuwa ndugu yake. Farasi waliopatikana hapo ndio waliouvusha msafara milimani.

Miaka sitini haikupita. Tarehe 29 Januari 1863, katika baridi kali, askari wa Kanali Patrick Edward Connor walishambulia kambi ya Washoshone kando ya mto Bear, katika Idaho ya leo. Makadirio ya waliouawa huanzia 250 na kupita 400, wanawake na watoto wakiwemo.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Oktoba, Washoshone wa Magharibi walitia sahihi mkataba wa Ruby Valley. Tuutazame kwa makini, maana mambo yote yaliyofuata yanauzunguka. Washoshone waliruhusu barabara, nyaya za telegrafu, reli na migodi kupita katika nchi yao. Serikali iliahidi kuwalipa bidhaa za thamani ya dola 5,000 kila mwaka kwa miaka 20. Mipaka ya nchi yao iliandikwa. Hakuna kifungu kinachosema kwamba waliiuza.

Karne moja baadaye, tume ya serikali iliamua kwamba ardhi ilikwisha kuwatoka kidogo kidogo, kwa sababu walowezi waliiingia. Fidia ikapangwa, zaidi ya dola milioni 26, kwa bei ya ardhi ya mwaka 1872. Washoshone wakakataa kuzichukua. Wakati huo akina dada wawili wafugaji, Mary na Carrie Dann, walikuwa wameshtakiwa tangu 1974 kwa kulisha ng'ombe bila kibali kwenye ardhi waliyosema ni ya taifa lao. Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1985, haikuuliza kama ardhi iliuzwa. Iliuliza tu kama malipo yamefanyika, ikajibu ndiyo: fedha zimewekwa katika akaunti ya hazina kwa jina la Washoshone, na serikali ndiyo mdhamini wao. Kwa lugha nyepesi, mnunuzi alijilipa mwenyewe kwa niaba ya mtu ambaye hakukubali kuuza. Mwaka 2002 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliona kwamba haki za akina Dann zimevunjwa. Mifugo yao ikakamatwa vilevile.

Si Washoshone wote waliokuwa na msimamo mmoja. Wapo walioona afadhali fedha zigawanywe, na mwaka 2004 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzigawa. Wakati huo sehemu ya nchi hiyo ilikuwa imeshafanyiwa majaribio 928 ya mabomu ya nyuklia, kuanzia 1951.

Kanisa nalo linaguswa. Hati za kipapa za karne ya 15, kama Inter Caetera ya 1493, zilitumiwa kuhalalisha "haki ya ugunduzi", na wazo hilo likaingia katika sheria za Marekani kupitia hukumu ya mwaka 1823. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikani ilitamka wazi kwamba fundisho hilo si sehemu ya mafundisho ya Kanisa Katoliki. Tamko hilo halikubadili hati ya umiliki ya ekari hata moja kule Nevada.

Mwaka 2018 Washoshone wa Kaskazini-Magharibi walinunua ekari 550 hivi za mahali pa mauaji ya mto Bear. Tangu hapo wamekuwa wakiing'oa mimea ya kigeni na kupanda miti ya asili kando ya maji.